Gunia Halisemi Kilichomo

Mwaka 1990, katika kambi za wakimbizi kusini mwa Malawi, watu waliokuwa wakila kila siku walianza kuchunika ngozi. Walikuwa Wamsumbiji waliokimbia vita vya nchi yao, karibu milioni moja, wakapokewa na jirani ambaye mwenyewe alikuwa maskini. Mahindi ya msaada yalifika kambini na watu wakapika. Kisha ngozi ya mikono, ya miguu na ya shingo ikaanza kuwa nyeusi pale jua lilipoigusa, ikapasuka. Baada ya ngozi kukaja kuhara, na kwa wengine kukaja kuchanganyikiwa akili. Ugonjwa huo unaitwa pelagra. Katika miezi michache ya mwaka ule uliwapata zaidi ya watu 17,000.

Chanzo chake kilikuwa karanga. Mgao wa kambi ulikuwa na mahindi pamoja na karanga, na karanga ndizo zilizokuwa zikileta vitamini B3, ambayo mwili hauwezi kuipata ya kutosha kwenye mahindi peke yake. Katikati ya mwaka 1989 ugavi wa karanga ulikatika. Mahindi yakaendelea kuja, matumbo yakaendelea kushiba, na hakuna aliyeona kwa macho kwamba kitu kimetoka kwenye chakula mpaka kilipoonekana kwenye ngozi za watu. Madaktari waliochunguza baadaye walikuta kwamba walionusurika na balaa hilo zaidi walikuwa wale wenye kibustani, wale waliosaga mahindi yao nyumbani, na wale waliopata karanga au samaki kila siku.

Nawasimulia kisa hicho watu wa Kalemie kwa sababu kinatuhusu kwa njia ambayo wengi hatujaitazama. Kambini Malawi virutubisho vilitoka kwenye chakula kwa sababu lori halikuleta karanga, na lori linaweza kuletwa mwezi ujao. Siku hizi virutubisho vinaanza kutoka ndani ya punje yenyewe, shambani, kwa sababu ya hewa. Tena hewa hiyohiyo imeligusa ziwa letu la Tanganyika, ambalo ndilo bustani yetu na karanga zetu.

Tazameni kwanza tunachokula. Msingi wa chakula cha Kalemie ni bukari, ya mihogo au ya mahindi, au unga wa vyote viwili ukichanganywa. Mchele unazidi kupanda hadhi. Unatoka Kongolo na Nyunzu kwa reli na barabara, mwingine unavuka ziwa kutoka upande wa Kigoma, na mwingine umetoka Asia, umepita bandari ya Dar es Salaam kabla ya kufika kwetu. Sokoni mnunuzi anachota kiganja kimoja, anaupuliza, anaangalia kama una mawe, kama umevunjikavunjika, kama ni mweupe. Akiridhika anauliza bei. Yote hayo ni maswali ya haki. Lakini kiganja hakiwezi kumwambia punje ile imebeba zinki kiasi gani, wala madini ya chuma, wala protini, na hivyo ndivyo vinavyojenga damu na urefu wa mtoto wake.

Sasa hewa. Kabla viwanda vya Ulaya havijaanza kuchoma makaa ya mawe kwa wingi, katika kila sehemu milioni moja za hewa, sehemu kama 280 zilikuwa hewa ukaa. Mwaka 1958 Mmarekani Charles David Keeling alianza kuipima bila kukatiza, juu ya mlima Mauna Loa huko Hawaii, akakuta sehemu kama 315. Leo zimepita 420. Hakuna mkulima wa Nyunzu wala wa Moba anayeweza kuhisi tofauti hiyo kwa pua. Mpunga wake unaihisi kila siku jua linapochomoza.

Jani la mpunga lina vitundu vidogo mno. Hewa ukaa inaingia humo, na mvuke wa maji unatoka humo. Ndani ya jani, kwa nguvu ya jua, hewa ukaa inageuzwa kuwa sukari, na sukari inajengwa kuwa wanga, ambao ndio sehemu kubwa ya wali tunaoula. Zinki, chuma na naitrojeni havipiti njia hiyo. Vinatoka udongoni, vinaingia kwa mizizi na kupanda pamoja na maji. Hewa ukaa ikiongezeka, jani linatengeneza sukari kwa wepesi zaidi, na kwa kuwa linapata haja yake bila kuhangaika, linavifunga vile vitundu kiasi. Maji yanayopanda kutoka udongoni yanapungua, na madini yaliyosafiri nayo yanapungua. Tena mmea unakuwa na haja ndogo zaidi ya ile protini ya jani inayokamata hewa ukaa, na uwezo wake wa kuitumia naitrojeni iliyomo udongoni unaweza kulegea. Mwisho wa msimu punje imejaa wanga, lakini madini na protini havikuongezeka kwa kasi ileile. Ni mchuzi ulioongezwa maji: sufuria imejaa zaidi, nyama ni ileile. Wataalamu bado wanabishana ni ipi kati ya sababu hizo yenye uzito zaidi. Juu ya matokeo hawabishani.

Walijuaje? Kwa miaka mingi walifungia mimea katika nyumba za vioo na kuipulizia hewa ukaa, lakini nyumba ya kioo si shamba, na wakulima walikuwa na haki ya kutilia shaka. Kwa hiyo watafiti walitoka nje. Huko Tsukuba, Japani, walizungushia vipande vya mashamba halisi ya mpunga mabomba yenye matundu madogo, yakawa yanatoa hewa ukaa kutoka upande ule upepo unakotokea ili ipite juu ya mimea, huku mitambo ikipima na kurekebisha kiasi. Mpunga wa ndani ya duara na mpunga wa nje ulinyeshewa mvua moja, ukapigwa na jua moja, ukasimama katika tope moja. Kilichotofautiana ni hewa tu. Majaribio ya namna hiyo yalifanywa pia Australia na Marekani, na baadaye China, kwa ngano, mahindi, mtama, soya na njegere.

Mwaka 2014 Samuel Myers wa Chuo Kikuu cha Harvard na wenzake walikusanya matokeo ya aina 41 za mazao mbalimbali kutoka Japani, Australia na Marekani. Hewa ndani ya maduara ilikuwa na hewa ukaa kati ya sehemu 546 na 586 kwa milioni, kiwango ambacho watoto wanaozaliwa leo Kalemie wanaweza kukikuta wakiwa watu wazima. Ngano ilipoteza asilimia 9.3 ya zinki yake na asilimia 6.3 ya protini. Mchele ulipoteza asilimia 3.3 ya zinki, asilimia 5.2 ya chuma na asilimia 7.8 ya protini. Miaka minne baadaye kundi jingine lilipima aina 18 za mpunga zilizolimwa Japani na China. Lilikuta protini imeshuka kwa asilimia 10.3, chuma asilimia 8, zinki asilimia 5.1, na katika aina walizozipima vitamini, B1 ilishuka kwa asilimia 17 na B9, ambayo mama mjamzito anaihitaji kuliko mtu yeyote, kwa asilimia 30.

Kuna mtu atauliza: asilimia tano ni nini? Kwa mtu anayekula nyama, mayai, maziwa na matunda, si kitu. Mwili wake una akiba, na wali kwake ni wa kujaza sahani tu. Lakini mtoto ambaye nguvu zake karibu zote zinatoka kwenye nafaka na mihogo hana akiba. Yeye anatembea ukingoni tayari. Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2017 na 2018 ulikuta kwamba watoto 42 kati ya 100 wenye umri chini ya miaka mitano katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo wamedumaa. Mtoto aliyedumaa mara nyingi hakukosa kushiba. Alikosa kile kilichopaswa kuwamo katika shibe yake, akapata kuhara mara kwa mara, na kuhara kukaondoa hata kidogo alichopata. Mtoto wa namna hiyo ukimpunguzia zinki kwa asilimia tano, umempunguzia mahali pasipo na cha kupunguza. Mwaka 2018 Matthew Smith na Myers walikadiria kwamba ifikapo katikati ya karne hii, badiliko hili la hewa peke yake linaweza kuwatia watu milioni 175 zaidi katika upungufu wa zinki, na milioni 122 zaidi katika upungufu wa protini. Afrika ni miongoni mwa sehemu ambazo jambo hilo litauma sana.

Na si habari ya kesho tu. Katika makumbusho ya Smithsonian huko Marekani kuna maua ya mwituni yaliyokaushwa na kuhifadhiwa tangu mwaka 1842. Watafiti walipima chavua ya aina moja ya maua hayo, ile ambayo nyuki wanaitegemea kabla ya baridi, mwaka hadi mwaka mpaka 2014. Protini yake imeshuka kwa karibu theluthi moja, na kushuka kwake kunakwenda sambamba na kupanda kwa hewa ukaa. Hakuna mkulima aliyelichagua ua lile, hakuna aliyelitilia mbolea wala kubadilisha mbegu yake. Hewa tu ndiyo iliyobadilika juu yake.

Mkulima wa jimbo letu la Tanganyika anaweza kusema kwamba sisi ni watu wa mahindi zaidi kuliko mpunga. Ni kweli, na kuna nafuu ndani yake. Mahindi na mtama vina njia nyingine ya kukamata hewa ukaa: vinaikusanya kwanza na kuisogeza kwa wingi mahali inapotengenezewa sukari, kwa hiyo hata zamani, hewa ukaa ilipokuwa chache, havikuwa na njaa nayo. Ikiongezeka, havibadiliki sana. Katika yale majaribio havikuonyesha hasara iliyo wazi kama ya ngano na mchele. Lakini kwa sababu hiyohiyo havipati pia ile faida ya mavuno ambayo watu wengine huitangaza, wakisema hewa ukaa ni mbolea ya bure. Huko Illinois, Marekani, mahindi yaliyopuliziwa hewa ukaa katika msimu usio na ukame hayakuzaa zaidi ya mengine. Joto na ukame, ambavyo ni matunda ya gesi hiyohiyo, vinayapata mazao yote. Na mahindi, kama kambi za Malawi zilivyoonyesha, hata katika hali yake nzuri si chakula cha kuachiwa mtu peke yake. Mihogo nayo ina protini kidogo kuliko nafaka yoyote. Anayekimbia mchele kwa kwenda kwenye bukari tupu hajakimbia kitu.

Hapo ndipo kitoweo kinapoingia. Tangu zamani watu wa ufukwe huu wamejua kwamba bukari ni ya kushibisha na samaki ni wa kujenga mwili, na walijua hivyo kabla hakujawa na maabara. Ndakala waliokaushwa juani, wanaoliwa wazima na mifupa yao na vichwa vyao, wana protini, zinki, chuma na ile B3 iliyokosekana kule Malawi. Mtoto anayepata bukari na ndakala wachache kila siku ana ulinzi ambao asilimia tano za punje haziwezi kuuvunja upesi. Ningeweza kuiacha habari hapa, niseme kuleni samaki, kwaherini. Lakini ziwa nalo lina kisa chake.

Kabla ya kukisimulia, nianze na jaribio moja la majini. Katika Chuo Kikuu cha Arizona State, mwishoni mwa miaka ya 1990, wanabiolojia walifanya jaribio lililomshangaza mtaalamu mmoja wa hesabu aitwaye Irakli Loladze, mzaliwa wa Georgia. Walikuwa na mwani mdogo wa majini na vijidudu vinavyoula. Waliumulika mwani kwa mwanga mwingi zaidi, ukakua kwa kasi, maji yakajaa chakula. Vijidudu vilitakiwa kunenepa. Badala yake vilianza kudhoofika na kufa, kwa kuwa mwani uliokua haraka ulikuwa na sukari tele na madini haba. Loladze alijiuliza kama jambo lile lingeweza kutokea nchi kavu, kwa mimea yetu na kwa sisi tunaoila. Mwaka 2002 aliandika onyo lake, na mwaka 2014 akatoa hesabu iliyokusanya vipimo vya aina 130 za mimea: madini yalikuwa yameshuka kwa wastani wa asilimia nane. Kwa miaka kumi na zaidi kati ya onyo na ushahidi, wengi waliona wazo lake ni la ajabu mno. Walikuwa wamezoea kupima uzito wa mavuno tu.

Ziwa Tanganyika lenyewe limepitia njia nyingine, lakini linafika palepale. Lina kina cha mita 1,470, na virutubisho vyake vingi vimelala chini, kwenye maji ya giza. Kila mwaka, kuanzia kama mwezi wa tano, upepo wa kusini mashariki unavuma, unayasukuma maji ya juu, na maji ya chini yanapanda na kuleta chakula cha mwani. Mwani unalisha vijidudu, vijidudu vinalisha ndakala, ndakala wanalisha mikebuka, na wote wanatulisha sisi. Maji yakipata joto juu yanakuwa mepesi, yanakaa juu ya yale ya baridi na kukataa kuchanganyika nayo. Vipimo vya mwaka 1913 vikilinganishwa na vya miaka ya 2000 vinaonyesha kwamba ziwa limepata joto. Mwaka 2003 Catherine O'Reilly na wenzake walichapisha makadirio kwamba uzalishaji wa mwani ulikuwa umeshuka kwa karibu asilimia 20, na kwamba hilo lingeweza kumaanisha samaki kupungua kwa karibu asilimia 30. Mwaka 2010 Jessica Tierney na wenzake walisoma tope la sakafu ya ziwa, wakakuta kwamba joto la maji ya juu mwishoni mwa karne ya ishirini halikuwahi kufikiwa katika miaka 1,500 iliyotangulia.

Sisemi kwamba joto ndilo mkosaji pekee. Nyavu za macho madogo zipo, taa za usiku zimeongezeka, na watu wanaoishi kwa ziwa hili katika nchi nne wameongezeka pia. Ndiyo maana Tanzania ililifunga ziwa upande wake kwa miezi mitatu mwaka 2024, kuanzia tarehe 15 Mei hadi 15 Agosti, samaki wapate kuzaa, na ndiyo maana nchi zote nne zinatakiwa kwenda pamoja katika jambo hilo. Lakini mvuvi wa Kalemie akirudi alfajiri na chombo chepesi, akamlaumu jirani yake, au akaulaumu uchawi, ajue kwamba sehemu ya samaki wake ilichukuliwa na moshi wa mbali sana. Miaka yote hiyo rangi ya ziwa haikubadilika machoni pa mtu aliyesimama ufukweni. Lilionekana limejaa.

Basi ziunganisheni habari hizi mbili. Gesi moja inapunguza zinki na protini ndani ya mchele. Gesi hiyohiyo inalipasha joto ziwa na kupunguza samaki ambaye kazi yake mezani ilikuwa kuziba pengo la mchele. Nafaka na kitoweo vinadhoofika pamoja, na gunia sokoni lina kilo zilezile. Ninaliona hili kuwa dhuluma, na nalisema wazi. Mkongomani mmoja, kwa wastani, anatoa chini ya sehemu ya kumi ya tani ya hewa ukaa kwa mwaka kutokana na mafuta, makaa ya mawe na gesi. Mmarekani mmoja anatoa zaidi ya tani 13. Mtoto wa Kalemie analipa deni ambalo hakukopa, na analilipa kwa damu yake na kwa kimo chake.

Lakini dhuluma ya wengine haituondolei kazi yetu, na kazi ipo.

Mbegu ndiyo ya kwanza. Zile aina 18 za mpunga hazikupoteza sawasawa. Nyingine zilishuka sana, nyingine kidogo. Maana yake aina za kienyeji za Kongolo na Nyunzu zisitupwe kwa sababu tu mbegu mpya inazaa magunia mengi. Zipimwe kwanza. INERA, taasisi yetu ya utafiti wa kilimo, ilirithi mashamba na maabara za INEAC, taasisi ya wakati wa ukoloni iliyoanzishwa mwaka 1933, na huko Yangambi tayari kuna mnara wa mita 55 unaopima jinsi msitu unavyobadilishana gesi na anga. Nchi inayoweza kupima pumzi ya msitu inaweza pia kupima zinki katika mchele wa watoto wake. Anayeleta mbegu Tanganyika, awe ni serikali, shirika au mfanyabiashara, aulizwe maswali mawili: inazaa kiasi gani kwa hekta, na ndani yake mna nini.

Maharagi na karanga vina siri nzuri. Vijidudu vinavyoishi kwenye mizizi yake vinavitengenezea naitrojeni kutoka hewani, kwa hiyo hata hewa ukaa inapoongezeka protini ya jamii hii ya mimea haishuki kama ya mchele. Madini ya chuma na zinki yanashuka, ndiyo, lakini kuna aina za maharagi yenye chuma kingi ambazo zimezalishwa na kusambazwa nchini Kongo kwa kazi ya INERA na mpango wa HarvestPlus. Hizo zitafutwe na kupandwa, hasa na akina mama wenye vipande vidogo vya ardhi pembezoni mwa mji. Mstari wa maharagi au karanga kati ya mahindi ni ulinzi ambao hauhitaji umeme wala dola.

Kuna pia jambo la mashine ya kukoboa. Ganda la ndani la punje ya mchele, lile tunalolitoa ili wali uwe mweupe, ndilo lenye sehemu kubwa ya vitamini B1, na lina chuma na zinki pia. Hewa inaondoa kwa asilimia, mashine inaondoa kwa mafungu. Zaidi ya miaka mia moja iliyopita, kule Java, Mholanzi Christiaan Eijkman aliona kuku wanaolishwa mchele uliokobolewa mweupe wakilegea miguu, na wakipona waliporudishiwa mchele wenye ganda. Ugunduzi huo ulimpa tuzo ya Nobel mwaka 1929. Mchele uliotwangwa nyumbani kwa kinu, wenye rangi ya kahawia kidogo, tumefundishwa kuuona kuwa wa umaskini. Wenye mashine waambiwe wapitishe mara moja, wasirudie mpaka ung'ae.

Moto nao uko mikononi mwetu. Wakati wa kiangazi nyika za kusini mwa Kongo zinawaka kiasi kwamba setilaiti zinaona. Moshi ule ukikutana na jua kali unazaa ozoni karibu na ardhi, na ozoni ya chini ni sumu ya majani: inaingia kupitia vitundu vilevile vya jani, inaliunguza kutoka ndani na kupunguza mavuno ya mpunga, ngano na maharagi. Hii si gesi iliyotoka Ulaya wala Marekani. Mwindaji anayewasha nyika yote ili apate panya wachache, na mchungaji anayechoma kilima kizima, wanaugusa mpunga wa watu ambao hawatawaona kamwe.

Na kuna wale waliohamishwa na vita. Tangu mapigano kati ya Watwa na Waluba yalipoanza mwaka 2013 na kurudi kwa ukali mwaka 2016, mamia ya maelfu ya watu wa jimbo hili wamekaa kambini au kwa jamaa, wengi wao karibu na Kalemie, mbali na mashamba yao na mbali na nyavu zao. Hao ndio wanaofanana zaidi na Wamsumbiji wa mwaka 1990. Kwao nafaka ya mgao inaweza kuwa karibu chakula chote. Nawaomba wanaopanga mgao, kuanzia ofisi za PAM, shirika la chakula la Umoja wa Mataifa, hadi parokia inayogawa debe moja la unga: pesa zikipungua, na hupungua kila mara, msianze kukata maharagi na mafuta ili kulinda hesabu ya kilo za nafaka. Kilo zinaonekana vizuri kwenye ripoti. Malawi nako mahindi yaliendelea kufika.

Kwa mama na baba wa nyumbani, neno langu ni la soko. Siku pesa haitoshi, na ukalazimika kupunguza kitu, punguza uzito wa mchele mweupe kabla ya kugusa ndakala, maharagi, karanga na lengalenga. Mtoto mdogo kuliko wote apewe samaki kwanza, hata kama ni watatu tu, waliwe na mifupa yao wakiwa wamesagwa kwenye uji. Nanyi wakubwa wa jimbo mnaohesabu mavuno ya kila msimu kwa tani, ongezeni safu moja katika daftari zenu, ya zinki, chuma na protini, na muijaze kuanzia mavuno yajayo.